Dola mia mkononi, Chicago, 1933: ununue mashine ipi?

Tuseme mwaka ni 1933, mji ni Chicago, na wewe ulikuwa fundi kiwandani mpaka kiwanda kilipozima tanuri. Marekani nzima, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi. Una dola 100 chini ya godoro, na bahati yako uliziweka huko: maelfu ya benki zimeshafilisika, na Machi mwaka huu Rais Roosevelt, kiti hakijapata hata joto, amezifunga benki zote za nchi kwa siku kadhaa. Jirani yako anakuambia: nunua mashine za sarafu, zitegeshe kwenye maduka ya watu, kila wiki upite na ufunguo ukazoe senti.

Jirani hakuwa mjinga. Mdororo wa uchumi uliua biashara nyingi, lakini hii uliilisha. Mtu asiye na nauli ya treni wala hela ya sinema hakosi senti moja mfukoni, na senti moja ilimnunulia dakika kadhaa za kusahau. Mwenye duka ambaye rafu zake zimekaa nusu tupu alikipokea kwa mikono miwili chombo chochote kitakachomlipia kodi ya pembe moja ya kaunta. Na Chicago ndiyo ilikuwa jikoni kwenyewe: Gottlieb, Bally, Mills, Jennings, Watling, Rock-Ola, Seeburg, wote waliunda mashine zao katika mji huo mmoja. Ungeweza kupanda tramu ukafika mlango wa kiwanda.

Mpangilio wa biashara ulikuwa mwepesi kuuelewa. Kiwanda kinamuuzia wakala, wakala anamuuzia mwenye mashine, mwenye mashine anaiweka kwa mwenye duka bila kumtoza kitu. Siku ya makusanyo sarafu zinamwagwa juu ya kaunta, zinahesabiwa mbele ya wote wawili, na kwa kawaida zinagawanywa nusu kwa nusu. Wewe unabeba matengenezo, yeye anabeba macho ya kuilinda. Wakazi wa Dar au Nairobi waliowahi kuona madubwi, zile mashine za kamari, yakitegeshwa kwenye vibanda vya mtaani hawahitaji kuchorewa ramani.

Sasa ipi? Mawakala walikuwa na jibu moja kwa kila mashine: inaingiza sana. Hilo usilitegemee. Magazeti ya wakati ule yalijaa matangazo ya kumwahidi mtu asiye na kazi kipato cha kudumu kwa kununua mashine kumi za karanga kwa bei mara mbili ya halali, na aliyetoa tangazo alihama mji kabla karanga hazijachacha. Swali langu mimi ni lingine, na ndilo nitakalozipimia mashine zote hapa chini: ikianza kuingiza vizuri, nani atakuja kuitaka? Maana kila mashine ilikuwa na mwenye kuinyemelea. Nyingine polisi, nyingine genge, nyingine kiwanda chenyewe, nyingine mtoto wa jirani mwenye kipande cha bati kilichochongwa duara.

Gololi au magurudumu matatu

Hapa ndipo wengi walipokwama, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Mashine ya gololi ndiyo babu wa ile Wamarekani waliyokuja kuiita pinboli, ila futa akilini vile vibawa viwili vya kupigia mpira. Vibawa vile vilikuja 1947. Ya 1931 ilikuwa sanduku la mbao lenye kioo, ukubwa wa kukaa juu ya kaunta, ubao umelazwa kimteremko, misumari imepigiliwa kuzunguka vishimo vyenye namba. Unatia senti, unapata gololi kadhaa za kioo kama zile walizochezea watoto vumbini, unavuta fimbo yenye springi, gololi inapanda juu kisha inaanguka ikigongana na misumari. Umeshaiachia, kilichobaki ni kuomba na kuutikisa ubao kidogo.

David Gottlieb alitoa Baffle Ball mwishoni mwa 1931 kwa dola 17.50, akauza zaidi ya 50,000. Kiwanda kilishindwa kutosheleza maombi. Mmoja wa mawakala wake, Raymond Moloney, alichoka kungoja mzigo usiofika, akaamua kutengeneza ya kwake: Ballyhoo, mwanzoni mwa 1932, nayo ikapita 50,000 ndani ya miezi saba. Kampuni ya Bally imelipata jina lake kwenye mashine hiyo.

Piga hesabu ya dola 17.50. Ni senti 1,750, na kwa kuwa nusu ni ya mwenye duka, mashine inatakiwa kumeza senti 3,500 ndipo irudishe fedha yako. Michezo 100 kwa siku, na katika duka la sigara lenye vijana wasio na pa kwenda si mingi, inarudi ndani ya siku 35. Ni biashara gani nyingine mwaka 1933 iliyokurudishia mtaji kwa mwezi na siku tano? Kwa dola 100 unapata tano, na chenji ya kula.

Ubaya wake haumo kwenye hesabu hiyo. Umo kwenye siku ya 36. Mchezo wa gololi ulichosha upesi. Vijana wakishaujua ubao, wakajua gololi inapenda kupita wapi, wanahamia duka la pili lenye ubao mpya. Na viwanda vilijua hivyo, vikaendelea kutoa mipya kila mara. Mwaka huohuo wa 1933 Rock-Ola walitoa Jigsaw, ambayo ukipiga vishimo sawasawa vipande vya picha vinageuka kimoja kimoja hadi yanatokea Maonyesho ya Dunia yaliyokuwa yakiendelea Chicago miezi ileile. Harry Williams naye akatoa Contact, ambayo kwa nguvu ya betri ilirusha gololi nje ya kishimo na kugonga kengele. Weka Baffle Ball yako ya misumari mitupu karibu na kitu kinachopiga kengele, uone nani atakayeigusa. Aliyekuwa akikunyemelea hapa ni kiwanda kilekile kilichokuuzia: kila baada ya wiki kadhaa ulitakiwa kurudi na fedha, ukiiacha ya zamani kwa bei ya kutupa.

Williams huyohuyo ndiye anayetajwa kwa dawa ya wanaotikisa. Wachezaji waliinua sanduku zima na kulipiga chini ili gololi iende watakako. Kwanza alipigilia misumari chini ya sanduku, ncha nje, ili anayelipiga kwa kiganja ajute. Alipoona damu si sera nzuri ya biashara, akabuni kijiwe kidogo juu ya kijiti: ukitikisa, kinaanguka, na mchezo umekwisha. Kama unanunua ya mkononi, kagua kijiwe hicho kwanza. Bila hicho wajanja watacheza mchana kutwa kwa senti moja.

Sasa mashine ya kamari, ile ya magurudumu matatu na mkono wa kuvuta pembeni, ambayo Wamarekani waliipa jina la jambazi wa mkono mmoja. Asili yake ni San Francisco, kwa fundi Charles Fey, mwishoni mwa karne ya 19. Mills wa Chicago wakaichukua na kuifanya bidhaa ya nchi nzima. Ya Mills ilikuwa na alama 20 kwenye kila gurudumu. Ishirini mara ishirini mara ishirini ni mipangilio 8,000. Kama ushindi mkubwa una alama moja tu kwenye kila gurudumu, basi mvutaji ana nafasi moja katika 8,000, na magurudumu hayakumbuki kwamba amevuta tangu asubuhi. Tofauti na gololi, hii haichoshi. Mashine ileile, duka lilelile, miaka nenda rudi, na hula senti tano kwa mvuto mmoja, wakati gololi imeridhika na senti moja.

Kwa mapato, hakuna mashindano. Kama makala haya yangeishia kwenye mapato ningekwambia nunua hii ufunge ukurasa.

Lakini nani atakuja kuitaka? Kila mtu. Ukiacha Nevada, iliyohalalisha kamari Machi 1931, karibu kote kwingine sheria iliikataa. Waliizungukia sheria kwa ujanja wa peremende: kila ukivuta, pembeni inatoka pakiti ya peremende za mnanaa, kwa hiyo mwenye nayo anadai kwamba ni mashine ya kuuza peremende, na hayo mengine ni bahati ya mteja. (Neno letu peremende lenyewe limetokana na jina la Kiingereza la pipi hizohizo, kwa hiyo hapa limerudi nyumbani.) Hata yale matunda kwenye magurudumu, cheri na machungwa na malimau, yametoka kwenye ujanja wa aina hiyo miaka ya nyuma, mashine zilipojifanya zinauza chingamu zenye ladha ya matunda.

Frank Costello, kigogo wa genge la New York, aliusogeza ujanja wa peremende mbali kuliko wote: kwa muda alikuwa na zuio la mahakama linalowakataza polisi kugusa mashine zake. Kisha Januari 1934 akaingia meya mpya, Fiorello LaGuardia, na kufikia vuli mwaka huo alikuwa amesimama mbele ya wapiga picha na nyundo kubwa mikononi akizivunja kabla hazijazamishwa baharini. Costello alihamishia biashara New Orleans; mwenyewe alidai baadaye kwamba aliyemkaribisha ni Huey Long, seneta wa Louisiana. Zingatia jambo hilo. Costello alinyang'anywa mji mzima, akapata wa pili, kwa sababu alikuwa na watu wa juu. Wewe una dola 100 na jirani.

Na hiyo ni upande wa serikali tu. Pembezoni mwa Chicago, sehemu kama Cicero, genge la mhalifu Al Capone liliendelea kushika biashara ya mashine hizi hata baada ya yeye mwenyewe kupelekwa gerezani 1932. Mtu wa kawaida akitegesha yake pale, anayekuja kuichukua hatakuwa na nyundo wala mpiga picha.

Kati ya hizi mbili basi ni gololi, bila kusita, ila uinunue ukijua kwamba umenunua miezi miwili na si miaka miwili. Na angalizo la pili: kaa mbali na gololi zinazotoa fedha zenyewe. Bally walitoa Rocket mwaka 1933, ambayo ukifunga vizuri inakutemea sarafu. Ilipendwa mno, na ndiyo iliyowafanya mahakimu waanze kuiona gololi kama mdogo wake jambazi. Waliovuna ni wachache. Waliolipia ni wote, maana Januari 1942 New York ilizipiga marufuku hata zile zisizotoa kitu, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1976.

Karanga au mizani

Hizi ni mashine za watu wavumilivu, na sitaficha kwamba nazipenda.

Ya karanga unaijua kwa sura hata kama hujawahi kuigusa: tufe la kioo juu, tumbo la chuma chini, kitasa cha kuzungusha. Senti moja, kiganja cha karanga au chingamu moja ya duara. Northwestern wa Morris, Illinois, mwendo mfupi kutoka Chicago, walitoa yao ya mwaka huo wakaiita 33. Bei yake ni ndogo kiasi cha kununua kadhaa kwa mtaji wa gololi moja mbili. Ndani kuna gurudumu la kupimia ambalo unaweza kulirekebisha litoe nyingi au chache, na hapo ndipo tabia ya mtu inapojulikana: anayebana sana anakuta mwezi wa pili hakuna anayezungusha.

Kazi yake ni ya mikono. Karanga zenye chumvi hula chuma na hufanya ukungu kwenye kioo. Usipoosha tufe kwa maji ya moto, karanga mpya zinachukua harufu ya zilizochacha. Wakati wa joto chingamu hugandana. Kuna walioongeza pistashio zilizotiwa rangi nyekundu, dazani kwa senti tano, na hizo mteja alirudi nyumbani na vidole vyekundu vilivyotangaza biashara bure. Lakini mashine moja ya karanga haimlishi mtu. Ni senti juu ya senti, na nusu ya gharama iko kwenye bidhaa yenyewe. Mpaka uwe nazo 40 au 50 zilizopangwa kwenye njia moja, unazunguka kwa gari bovu kukusanya fedha ya kununulia mafuta ya kuzungukia. Wengi walikufa katika hatua hiyo, kati ya mashine ya kumi na ya arobaini.

Nani anaitaka? Kipande cha bati cha mtoto, basi. Hakuna meya aliyewahi kupiga picha na nyundo mbele ya karanga.

Mizani ni karanga bila karanga. Chuma kirefu kilichopakwa rangi ya kung'aa, kioo cha kujitazamia, kimesimama nje ya duka la dawa au mlangoni mwa sinema. Unapanda, unatia senti, sindano inakuonyesha uzito. Nyingine zilitema na kikadi chenye utabiri wa bahati. Nyumba nyingi hazikuwa na mizani, kwa hiyo kujua uzito wako kulikuwa na thamani ya senti moja. Wale vijana wa stendi zetu wenye mizani inayotangaza kwa spika pima uzito, pima urefu, wanauza kitu kilekile kabisa, ila wao wamelazimika kusimama nacho.

Hakuna bidhaa ya kujaza, hakuna umeme, hakuna kinachochacha. Senti ikiingia yote ni senti, na sheria haina neno nayo. Kasoro zake ni mbili. Mpya ni ghali kuliko gololi mara kadhaa, kwa sababu ndani mna chuma kingi na kazi ya fundi makini. Na ni nzito: ukikosea mahali, kuihamisha kunahitaji wanaume wawili na gari la kukodi. Kwa mwenye dola 100 ni ya mkononi au hakuna. Uipande mwenyewe mara tatu kabla hujalipa. Ikikupa uzito tofauti mara zote tatu, springi zimechoka.

Karanga dhidi ya mizani? Kama una miguu na muda, karanga. Kama una mahali pamoja pazuri palipohakikishwa, mlango wa sinema au stesheni, mizani inaishinda karanga kwa mbali, na itaendelea kuishinda ukiwa umelala.

Santuri ya sarafu: ngoja mpaka Desemba

Mapema 1933 ungeambiwa ununue jukiboksi, mashine ya sarafu inayopiga santuri, ungecheka. Uuzaji wa santuri Marekani ulikuwa umeporomoka kutoka milioni 104 mwaka 1927 hadi milioni 6 hivi mwaka 1932. Redio ilitoa muziki bure, nani alipe senti tano kwa wimbo mmoja? Na baa, mahali pake pa asili, zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1920, angalau kwenye karatasi.

Aprili 1933 bia nyepesi ikaruhusiwa. Tarehe 5 Desemba pombe yote ikarudi. Ghafla kuna maelfu ya baa mpya, zote zimebanana, zote zinataka muziki, na hakuna hata moja yenye fedha ya kulipa bendi. Hapo ndipo mashine yenye kuchagua santuri, yenye spika ya umeme yenye sauti ya kujaza chumba, ilipopata kazi. Wurlitzer, watengenezaji wa vinanda, waliingia kwa kasi baada ya kumwajiri Homer Capehart kusimamia mauzo, bwana ambaye baadaye aliuza vizuri zaidi akawa seneta wa Indiana. Rock-Ola wakafuata. Mwaka 1934 kampuni ya Decca ikaanza kuuza santuri kwa senti 35 wakati wengine walitoza 75, na sehemu kubwa ilimezwa na mashine hizi. Kufikia mwisho wa muongo zilikuwa zaidi ya 200,000 nchini.

Jina lenyewe lina asili ya kuvutia. Wataalamu wengi wa lugha wanalifuatilia neno juke hadi kwenye lugha ya Wagullah wa pwani ya Carolina na Georgia, watu wenye asili ya Afrika Magharibi, ambako lilihusu vibanda vya kucheza muziki na kunywa. Viwanda vililichukia jina hilo kwa sababu ya harufu ya vibanda. Vilitaka mashine iitwe gramafoni ya kujiendesha. Watu hawakusikia.

Ukiilinganisha na gololi, santuri ina ubora mmoja ambao hakuna aliyeutaja kwenye matangazo: kinachochosha ndani yake ni bei rahisi kubadilisha. Gololi ikichosha unabadili mashine nzima. Santuri ikichosha unabadili sahani moja ya senti 35 na sindano, na mashine ni mpya tena. Ukifungua sanduku la fedha una hesabu ya mtaa. Ukiangalia sahani ipi imechakaa, unajua mtaa ule unapenda nani. Haikuwepo njia bora ya kuwajua wateja.

Mtaji ndio ukuta. Mpya ilikuwa dola mia kadhaa, hata kwa kulipa kidogo kidogo. Na wa kuinyemelea yupo, ila alichelewa: wanamuziki. Kila jukiboksi ilikalia kiti cha mpiga piano fulani, na chama chao, chini ya James Petrillo wa Chicago hiyohiyo, kilikuja kugoma kurekodi tangu Agosti 1942. Lakini hiyo ni miaka tisa baadaye. Miaka tisa katika biashara hii ni umri wa nabii.

Sigara na winchi, kwa kifupi

Mashine ya sigara ilikwishakuwepo tangu 1926, kazi ya William Rowe. Tatizo ni chenji. Mashine ilimeza sarafu kubwa tu, kwa hiyo bei isipokuwa duara, senti za kumrudishia mteja zilifungwa ndani ya pakiti, chini ya karatasi ya plastiki, moja moja, kwa mkono. Kazi ya jioni kwa familia nzima. Kisha mwanzoni mwa 1933 makampuni makubwa yakashusha bei kupambana na sigara za senti 10, na kila aliyekuwa amefunga chenji akaanza upya. Inataka mtaji wa bidhaa kuliko mtaji wa mashine. Pita.

Winchi ni kile kisanduku cha kioo chenye kucha za chuma zinazoteremka juu ya rundo la pipi, na juu ya pipi kumelazwa saa ya mkononi. Exhibit Supply wa Chicago walikuwa mabingwa wake. Ni mashine nzuri ya kutazama watu wengine wakipoteza. Kisheria imekaa palepale kwenye ukuta kati ya mchezo na kamari, na ukuta huo hubomokea upande wa mwenye mtaji mdogo.

Kwa haraka, ubavu kwa ubavu

| Mashine | Sarafu | Mtaji | Kinachoiua | Anayekuja kuitaka |
|---|---|---|---|---|
| Gololi | senti 1 | dola 17.50 hivi, mpya | mtaa kuichoka | kiwanda, kwa mtindo mpya |
| Kamari | senti 5 | mara kadhaa ya gololi | haichoshi | polisi, genge, meya |
| Karanga | senti 1 | mdogo sana | uvivu wa kuosha | bati la mtoto |
| Mizani | senti 1 | mkubwa ikiwa mpya | mahali pabaya | karibu hakuna |
| Santuri | senti 5 | dola mia kadhaa | santuri za zamani | wanamuziki, baadaye |

Dola mia zangu ningezitumia hivi

Gololi mbili, moja mpya na moja ya mkononi, ziwekwe katika mitaa miwili iliyo mbali ili kila mwezi zibadilishane maduka. Mtaa unaopokea iliyochoka kwingine unaiona ni mpya. Hiyo peke yake inakuongezea maisha ya mashine bila kumlipa Gottlieb wala Moloney senti ya ziada.

Mizani moja ya zamani, ila nisinunue kabla sijapata mlango. Ningeanza na mwenye sinema, tukubaliane mgao, ndipo nikatafute chuma. Wengi walifanya kinyume, wakabaki na mizani sebuleni wakijipima wenyewe.

Karanga chache kwenye maduka yaleyale yenye gololi, kwa sababu njia nimeshaipita na ufunguo niko nao, na anayesubiri zamu ya gololi mikono yake iko wazi. Hizi zisihesabiwe kama biashara, zinalipia petroli.

Na kila kinachobaki kikae kando hadi baa zifunguliwe, kiwe malipo ya kwanza ya santuri. Ukitaka mfano wa aliyepita njia ya namna hii, yuko mjini humohumo: David Rockola alianza na mizani miaka ya 1920, akaingia kwenye gololi Mdororo ulipokolea, na mwaka 1935 akatoa jukiboksi yake ya kwanza. Kwenye kamari pia alikuwa amegusa mapema, na mwaka 1929 ilimfikisha mahakamani kutoa ushahidi. Ndipo akageukia mashine zisizohitaji wakili.

Jambo la mwisho kabla hujapanda tramu: nunua kufuli yako mwenyewe. Mashine za modeli moja mara nyingi zilitoka kiwandani na funguo zinazofanana, na wakala aliyekuuzia anao mmoja.